Kaka anataka nimtafutie barua ya uongo ili apite upekuzi Marekani

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha Serikali hapa Arusha. Naishi Sakina na wanangu wawili pamoja na mama yetu mzazi. Nakuandikia kwa sababu silali, na nyumbani sasa hivi tunasalimiana kwa shida.

Nina kaka yangu mkubwa. Mpaka mwaka 2020 alikuwa kwenye kampuni moja ya utalii hapa mjini, upande wa booking, na yeye ndiye aliyekuwa anashika fedha taslimu: posho za madereva, hela ya mafuta, na marejesho ya wageni. Corona ilipoingia Machi mwaka ule, wageni wakawa wanafuta safari mfululizo na kila mmoja anadai chake. Hesabu zilipofungwa ikaonekana dola 1,800 hazina risiti. Kaka anasema hela hiyo aliwagawia madereva waliokuwa wamekwama porini na Karatu bila posho, na hakuna aliyesaini vocha kwa sababu ofisi ilikuwa inafungwa haraka haraka. Bosi akasema ameiba. Polisi hakupelekwa. Aliitwa, wakaongea wawili, akaondoka bila mshahara wake wa mwisho. Mwaka uliofuata akaenda Marekani kwa mke wake, na sasa ameshapata uraia wa kule.

Majuzi amepata kazi ya kompyuta Virginia, kwenye kampuni inayofanya kazi za Wizara yao ya Ulinzi. Kabla hajaanza lazima afanyiwe upekuzi, apewe kibali cha usalama. Kuna fomu ndefu anatakiwa aikamilishe mwezi huu. Rafiki yake wa huko huko amemwambia aandike kwamba alipunguzwa kazi kwa sababu ya Corona, maana mwaka ule nani kwenye utalii hakupunguzwa? Ila kaka anaogopa wapekuzi wakimpigia bosi. Ndipo akaniagiza mimi niende kwa bosi wake wa zamani na bahasha, nipewe barua yenye mhuri kwamba alipunguzwa kazi na hakuwahi kuwa na doa lolote.

Yule bosi tunasali usharika mmoja. Nilimfuata baada ya ibada ya pili, pale watu wanaponunua ndizi za mnada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema: "Barua siyo shida mama, hata kesho naiandika. Bahasha baki nayo. Ila kijana wangu wa mwisho anataka kwenda kusoma huko. Kaka yako amdhamini." Nikaaga bila kumjibu.

Nilipofika nyumbani nikafungua mfuko wa vyeti ambao kaka aliuacha kabatini. Ndani kuna karatasi imekunjwa mara nne, ina mhuri wa bluu wa kampuni, sahihi ya kaka na ya bosi. Imeandikwa hivi: "Kufuatia tuhuma za upotevu wa fedha za kampuni, pande zote mbili zimekubaliana kwamba mfanyakazi ataacha kazi kuanzia tarehe 12 Juni 2020, na mshahara wa mwezi Mei hautalipwa." Nikampigia kaka kumweleza. Akasema, "Ichome."

Sijaichoma. Mama anasema damu nzito kuliko maji, na kweli kaka ndiye aliyenilipia ada ya chuo cha uuguzi, hata bati tunazolalia chini yake ni zake. Nikimkatalia naonekana sina shukrani.

Mjomba, naomba unijibu. Tuhuma ambayo haikufika hata polisi inaweza kumnyima mtu kibali? Nikikataa, nitakuwa ndiye niliyemharibia? Na hao wapekuzi wakinipigia mimi, niseme nini? Halafu kuna kiwanja chake Usa River kimeandikwa jina langu. Ameniambia hicho nacho nisikitaje.

Mdogo mtu, Sakina, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Karatasi ile usiichome. Irudishe kwenye mfuko wake, ipige picha pande zote mbili, na ufunguo wa kabati ukae kwako. Kaka yako kwa hofu anaiona kama ushahidi dhidi yake. Mimi nimeyasoma maneno uliyonakili nikaona kitu kingine kabisa.

Fomu anayoijaza inaitwa SF-86. Ina kurasa zaidi ya 100, na inamtaka mtu ataje kazi zake zote za miaka 10 iliyopita, pamoja na jina la aliyekuwa msimamizi wake na namna ya kumpata. Kwa kazi alizoziacha ndani ya miaka 7, inauliza mambo manne waziwazi. Ulifukuzwa? Uliacha mwenyewe baada ya kuambiwa utafukuzwa? Uliondoka kwa makubaliano baada ya kutuhumiwa utovu wa nidhamu? Uliondoka kwa makubaliano baada ya kuambiwa kazi yako hairidhishi?

Sasa chukua hiyo karatasi uiweke kando ya swali la tatu. Tuhuma zipo, makubaliano yapo, tarehe ipo, sahihi yake ipo. Hapo hakuna pa kupenya. Akiandika "nilipunguzwa kwa sababu ya Corona" atakuwa amejibu hapana mahali ambapo mkono wake mwenyewe ulishasaini ndiyo.

Lakini hebu lisome tena swali lenyewe. Haliulizi kama aliiba. Linauliza kama aliondoka kwa makubaliano baada ya kutuhumiwa. Anayejibu ndiyo pale hajakiri wizi wowote, amekubali tu kwamba kuna mtu alimtuhumu, na hilo ni kweli. Baada ya hapo fomu inampa nafasi ya kueleza, na mpekuzi atakaa naye amsikilize. Nadhani kaka yako hili hajaliona. Ameona neno "tuhuma" akakimbia, na waliomzunguka wakamwonyesha mlango wa nyuma.

Swali lako la kwanza sasa. Ndiyo, tuhuma ambayo haikufika polisi inaweza kuhesabiwa. Nisikufariji kwa uongo. Wanaoamua kule wanatumia miongozo 13 inayofanya kazi tangu tarehe 8 Juni 2017, na imechapishwa, haina siri. Ule unaohusu makosa ya jinai unasema hata tuhuma yenye kuaminika inatosha kuleta wasiwasi, awe mtu alishtakiwa au hakushtakiwa. Ule wa fedha unataja wizi kazini kwa jina. Halafu kuna wa mwenendo binafsi, ambao ndio unaowaangusha wengi wenye mambo madogo, na nitaurudia. Kwa hiyo dola 1,800 za Arusha zinaweza kugusa miongozo mitatu kwa mpigo.

Na kule si mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Thomas Egan, kibarua kwenye kituo cha Jeshi la Wanamaji kinachohudumia nyambizi za Trident, jimbo la Washington. Alinyimwa kibali, na bila kibali akapoteza kazi. Mahakama ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali cha usalama, na wanaoamua wanaruhusiwa kuegemea upande wa tahadhari. Mpaka leo shaka ikibaki, inaamuliwa kwa faida ya usalama wa nchi. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "hana hatia mpaka ithibitike" usiutegemee sana hapo. Egan alikuwa na hukumu za kushambulia watu na za silaha, mambo mazito. Ila katika orodha ya sababu alizopewa, mojawapo ilikuwa kwamba kwenye maombi yake ya kazi alificha hukumu mbili za nyuma.

Upande wa pili wa miongozo hiyo hiyo ndio ambao rafiki wa kaka yako hakumsomea. Kila wasiwasi umeandikiwa na mambo yanayoupunguza. Kwenye mwenendo binafsi wameandika kwamba jambo linapungua uzito ikiwa habari yenyewe haikuthibitishwa, au imetoka kwa mtu ambaye uaminifu wake una mashaka. Kwenye jinai wameandika vivyo hivyo, kama hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba mtu alitenda kosa. Muda unahesabiwa. Mazingira yanahesabiwa: ofisi ya utalii inayofungwa kwa hofu Machi 2020 si hali inayojirudia kila mwaka. Umri aliokuwa nao, amefanya nini tangu hapo, amelipa madeni yake, wanaofanya naye kazi wanamsemaje. Wanamtazama mtu mzima mzima, hawamsomi kupitia jambo moja.

Hapa niseme kitu ambacho huenda hukutarajia. Wewe umeniandikia upande wa kaka, na mimi siwezi kujua ile hela ilikwenda wapi. Kama ni posho za madereva, aseme hivyo na awataje hao madereva. Kama kuna sehemu aliitumia mwenyewe, iwe ya kodi ya nyumba au ya nini, basi njia bado ni ile ile: aseme. Kosa moja la miaka mingi nyuma, likisemwa na mwenyewe bila kuzungushwa, watu hupata kibali nalo. Asije akajenga hadithi ya madereva halafu dereva mmoja akapigiwa simu na kusema hakupokea hata shilingi.

Tuje kwenye ule mwongozo niliosema nitaurudia. Jambo la kwanza unaloliorodhesha kuwa la kumwangusha mtu ni kuficha au kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ya upekuzi. Na ukurasa anaosaini mwishoni mwa SF-86 unamkumbusha kwamba uongo humo ni kosa la jinai la serikali kuu yao, lenye kifungo cha mpaka miaka 5. Fikiria hesabu yake. Leo ana tuhuma ya mtu mmoja, ya zamani, isiyo na kesi. Akituma ile hadithi ya Corona, atakuwa na kosa jipya, la mwaka huu, la kwake mwenyewe, lililoandikwa na kusainiwa. Hilo la pili halihitaji shahidi kutoka Arusha.

Halafu barua ya bosi. Nilipofika pale alipokwambia baki na bahasha, niliweka simu chini kidogo.

Yule mzee ameshakuonyesha biashara yake. Hajaiandika barua bado na tayari ameshataja bei, na bei yenyewe si elfu hamsini ya soda. Akishaiandika, kila siku atakayoishi atakuwa na uwezo wa kuinua simu na kusema ile ilikuwa ya uongo. Leo ni udhamini wa kijana, kesho ni mkopo, keshokutwa sijui. Kaka yako atakuwa amefungwa kamba shingoni na ncha yake ameishika mtu wa Arusha, na hicho ndicho hasa wapekuzi wa nchi yoyote wanachokitafuta. Mtu mwenye siri anayoogopa isijulikane ni mtu anayeweza kushikwa na kuamrishwa. Miongozo yao inalitaja hilo waziwazi: kuficha jambo ambalo likijulikana linaweza kumfanya mtu ashinikizwe. Kwa hiyo mnachokitafuta kwa bosi ili kaka apate kibali ndicho kinachomwondolea sifa ya kukipata.

Na kuna kichekesho hapo. Fomu hiyo hiyo inauliza kama ndani ya miaka 7 umemdhamini raia wa kigeni kuja Marekani kusoma. Kaka akimdhamini yule kijana itabidi amtaje, na mpekuzi atauliza amemjuaje, na jibu litarudi moja kwa moja kwenye ile ofisi ya utalii.

Wewe pia una lako. Ni mtumishi wa umma. Barua yenye maneno ya uongo, uliyoifuata wewe na bahasha mkononi, ikija kujulikana, ni wewe uliye hapa karibu. Virginia ni mbali. Huyo bosi akibanwa atasema dada mtu ndiye aliyeileta habari, na usharika mzima ulimwona akiongea nawe. Kaka alikulipia ada upate kazi hiyo ya uuguzi. Sioni ni kwa shukrani ipi uiweke rehani.

Umeuliza kama ukikataa utakuwa umemharibia. Hapana, mwanangu. Ungekubali ndiyo ungemharibia, na ungefanya hivyo kwa upendo, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu asingeweza hata kukulaumu.

Lakini usimkatalie ukaishia hapo, maana ana haja ya kweli na wewe ndiye mtu wake hapa. Kuna karatasi halali ambazo akiwa kule hawezi kuzipata kwa urahisi.

Ya kwanza ni hiyo uliyo nayo. Mtumie picha, aiweke tayari kwa mpekuzi. Soma tena ilivyoandikwa: inasema "upotevu", haisemi wizi, na haisemi amekiri. Inasema pande zote zimekubaliana. Mwajiri mwenye ushahidi wa wizi wa dola 1,800, akakubali kuachana na mtu kwa amani bila hata kwenda kituo cha polisi, ana maswali ya kujibu yeye pia. Kaka yako amekuwa akikimbia karatasi inayomsaidia.

Ya pili ni cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho anapoacha kazi, hata kama waliachana kwa ugomvi. Hii si hisani na haina bahasha. Inaonyesha alikuwa nani pale na kuanzia lini mpaka lini, basi.

Ya tatu itakuchosha miguu: madereva. Watafute wale waliokuwa porini Machi ile. Madereva wa utalii Arusha wanajuana, ukiuliza wawili watatu wanaopaki jirani na Clock Tower utafika kwa wa nne. Usiwaambie waseme nini. Waulize walipata posho, kiasi gani, nani aliwapa. Anayekumbuka na yuko tayari, aandike kwa mkono wake, aweke jina, tarehe na namba ya simu. Asiyekumbuka mshukuru uondoke. Na kama kaka alimtumia hata mmoja wao kwa simu badala ya kumpa mkononi, aulizie taarifa za miamala za laini yake ya zamani. Muamala mmoja wenye tarehe ya Machi 2020 una nguvu kuliko barua tatu za sifa kutoka kwa wachungaji.

Cheti cha polisi cha tabia njema huwezi kumchukulia, kinahitaji alama za vidole vyake. Hilo alifuate mwenyewe kama ataambiwa linahitajika.

Ataulizwa pia kwa nini hakulalamika wakati ule, maana mtu aliyeachishwa isivyo haki alikuwa na siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ajiandae kulijibu kwa ukweli wake mwenyewe. Mimi nimekaa ofisi za utumishi muda mrefu na nimeona watu wengi wakiacha mshahara wa mwezi mezani ili jina lao lisitajwe. Hilo si ushahidi wa hatia, lakini yeye ndiye wa kulisema, si mimi.

Kiwanja cha Usa River. Hapo kaka anakosea tena kwa njia ile ile. Fomu inauliza mali aliyo nayo nje ya Marekani, na inauliza pia mali anayoshikiwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Hiyo ni wewe na hicho ni kiwanja. Inauliza hata kama amewahi kumsaidia kifedha mtu ambaye si raia wa Marekani, kwa hiyo kama anatuma hela ya kumtunza mama, na zile bati za nyumba, aziandike. Hakuna atakayemnyima kazi kwa sababu anamtunza mama yake. Watamshangaa akisema hana kitu wala mtu huku kila mwezi hela inakuja Arusha. Kuhusu kiwanja kina shida nyingine ya hapa hapa nyumbani, kwa sababu sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na sheria ya ardhi ina masharti yake kwa asiye raia. Hilo mtafute wakili wa ardhi, mimi leo sitaliingia.

Wewe mwenyewe jina lako litakuwa kwenye fomu. Anatakiwa kuwataja wazazi na ndugu zake wote, wanaishi wapi, ni raia wa wapi, na kama wana uhusiano na serikali ya nchi yao. Wewe ni mwajiriwa wa Serikali, basi atasema hivyo. Muuguzi wa kituo cha afya hatikisi usalama wa nchi ya mtu, ila muuguzi aliyefichwa analeta maswali. Wakikupigia, kitu ambacho huenda kisitokee kabisa, jibu unachokijua kwa macho yako na masikio yako. "Sijui" ni jibu kamili. Ukiulizwa kama aliiba, hukuwepo, sema hukuwepo. Huna wajibu wa kuongea nao kama hutaki, lakini ukiongea usipake rangi. Na akitokea mtu kwenye simu anadai yeye ni mpekuzi na anataka hela ya kuharakisha kibali, kata, huyo ni tapeli. Upekuzi ule ndugu halipii hata senti.

Kuhusu mama, usimletee miongozo ya Marekani, hatasikiliza. Mwambie yule mzee wa usharika anataka nini badala ya barua. Mama zetu wanaijua hiyo lugha upesi sana. Na kama kwenye grupu la ukoo wameshaanza kumpongeza kaka kwamba ameingia "usalama wa Marekani", mwombe mwenyewe awaambie waache. Hakuna mwajiri wa kazi za namna hiyo anayefurahia kusikia shangazi na binamu wanaijadili.

Tuhuma hii ikiwasumbua wapekuzi, hawatamfukuza kimya kimya. Ataletewa maandishi yanayotaja kila wasiwasi mmoja mmoja. Kwa watu wa kampuni kama yeye ana siku 20 za kujibu, na anaweza kuomba kusikilizwa mbele ya hakimu wa kiutawala wa Wizara ya Ulinzi, akiwa na karatasi zake na mashahidi. Akinyimwa hata hapo, baada ya mwaka mmoja anaruhusiwa kuomba tena kama kuna mwajiri anayemtaka. Ni vizuri akatafuta wakili wa mambo hayo mapema, kabla ya kutuma fomu. Atatoa hela, ndiyo. Ile bahasha uliyorudi nayo ingeanzia hapo.

Kwa bosi rudi mara moja tu, ofisini kwake siku ya kazi, usimvizie kanisani. Mwambie: "Mzee, ile barua tumeiacha. Naomba cheti cha utumishi cha kaka, kama sheria inavyotaka." Mpe ombi kwa maandishi, baki na nakala iliyopokelewa kwa mhuri. Akikuuliza habari za kijana wake, mwambie maombi ya vyuo yanafanyika mtandaoni.

Na kaka umpigie leo hii, usingoje Jumapili. Kama bado hajaituma fomu, msomee jibu hili. Kama ameshaituma na hadithi ya Corona iko ndani, bado kuna mlango: miongozo inamhesabia mtu aliyejirekebisha mwenyewe upesi na kwa nia njema kabla hajakabiliwa na ukweli. Awaandikie mwenyewe, kwa maneno yake, aseme jibu lile si sahihi na sahihi ni hili, aambatishe picha ya karatasi. Akingoja mpaka mpekuzi aiweke mezani mbele yake, nafasi hiyo haipo tena.